Vol ya Jumamosi

Riziki mwanangu,

Kabla ya kusoma, geuza bahasha uangalie kama gundi imeguswa. Ni Mama Alini njo anakuletea, na mi namuamini Mama Alini, lakini si kwa mambo ya bahasha. Sasa hivi amesimama mlangoni na kikapu chake, anasema minibasi ya mwisho ya Lilongwe itamwacha, na kila nikiandika mstari anarefusha shingo. Nimemgeuzia mgongo.

Ni yeye aliyeniambia kama unasafiri kesho. Kwenye bomba, mbele ya bamama wote, ndoo yangu bado haijajaa. "Mama Riziki, kumbe mtoto anaruka kesho! Umejikaza kweli, mi ningekuwa nalia." Nikacheka kama mtu anayejua. "Ndiyo, kesho," nikasema. Kumbe mi najua ni juma lijalo, sababu njo ulivyoniambia siku unatoka hapa kambini Dzaleka na begi, eti unaenda kukaa Lilongwe, Area 36, kwa dada ya yule rafiki yako Gedeoni, ili umalizie karatasi zako za safari. Maji yakajaa ndoo, yakamwagika miguuni mwangu, na mi ningali nacheka.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Nikajiuliza: huyu mtoto aliyekataa kumdanganya hata mchungaji siku alikosa ibada, juu ya nini anidanganye mi? Sikuhitaji kufikiri sana. Unaogopa nitaharibu tena.

Basi sikuandikii kukuambia uvae sweta, wala uangalie mifuko yako kule Nairobi. We ni mkubwa, na chuo cha bafundi ba ndege hawachukui batoto. Nakuandikia juu ya ile vol. Tangu siku ile hatujaizungumza vizuri, sisi wawili. Bantu wote wa Dzaleka bamecheka, mi na we tumenyamaza.

Wakati ulileta ile ordinateri, kompyuta yenu, kutoka Old Town kule Lilongwe, imefungwa ndani ya gunia la mahindi, nilijua ni ya wizi. Nisamehe, lakini fikiri na we: kitu cha bei, ndani ya gunia, na mtoto anaingia kwa mlango wa nyuma. Ulisema gunia ni juu ya mvua. Kweli mvua ilikuwa inanyesha. Lakini nikasema moyoni, mvua nayo inaweza kumsaidia mwizi.

Halafu yakaja mengine. Usukani wa kabaza, bila hiyo baiskeli ya abiria yenyewe. Kiti cha minibasi, bila minibasi. Pedali za cherehani ya zamani ambazo mwenyewe nilidhani nimezitupa. Mi nakaa na kazi yangu pale sebuleni, naona kila kinachopita, na kila kilichoingia chumbani mwako kilikuwa kipande cha kitu kingine ambacho hakikuonekana. Ungekuwa mimi, ungefikiri nini?

Na Gedeoni! Najua ni mtoto wa shemasi wetu, najua anabeba mabelo ya tumbaku kwenye maghala ya Kanengo juma nzima na anakuja huku mwisho wa juma amechoka. Lakini alikuwa ananisalimia mara mbili, akiingia na akitoka, na sauti ya upole kupita kiasi. Nikasema huyu anaficha kitu. (Bado nasema anaficha kitu, ila sasa najua ni nini, na we unajua, na tuache.) Mkachukua kitenge changu mkafunga dirisha, eti mwanga unasumbua ekra ya kompyuta. Mkajifungia.

Nilikuuliza. Huwezi kusema sikuuliza. Ukanijibu, "Mama, tunarudilia safari za bapilote ba zamani, ba kwanza kabisa, bale balipita mahali hakuna ndege ilikuwa imepita. Ndege ni ile ile, upepo ule ule, esansi ile ile ya kujaza tangi. Haturuhusiwi kukata njia."

"Nani anawakataza?"

"Sisi wenyewe."

"Na bale bapilote, balifika?"

"Wengine balifika."

"Sasa kama balishafika, we unaenda kutafuta nini tena?"

Ukacheka, ukaingia chumbani. We ulicheka sababu mama yako amesema kitu cha kuchekesha. Mi nilisikia mtu anayekimbia swali.

Sasa ile siku yenyewe. Nilikuwa napiga pasi suti ya mchungaji, makaa yamekolea, na ukuta wetu unajua ni wa tofali za udongo, mtu akikohoa kwako mi nasema pole. Nikamsikia Gedeoni.

"Vol ni Jumamosi."

"Saa za kuanza?"

"Mchana. Giza litatukuta juu ya maji."

"Esansi itatosha?" Hiyo ilikuwa sauti yako.

"Itatosha kama hatupotei. Kumbuka hatuna radio. Upande wa pili batawasha moto pwani, tuone pa kuingilia."

"Na bale ba kwanza?"

"Ba kwanza balikufa. Hakuna aliyebaona tena."

Yesu wangu! Nilisahau pasi juu ya suruali ya mchungaji. Ile alama iko mpaka leo, nimeifunika na kiraka na yeye hajui.

Riziki, we ulizaliwa Uvira, Kongo, lakini ulikulia huku, Kifaransa chako ni cha kufundishwa na sisi, na sasa unasoma zaidi Kiingereza. Labda husikii kama ninavyosikia. Mbelgiji alituachia neno moja akalipa kazi mbili. Vol ni safari ya ndege. Vol ni wizi. Kwetu Uvira mtu akisema "vol" sokoni, hakuna anayeangalia juu. Kila mtu anashika mfuko wake. Mi sijapanda ndege maisha yangu yote, lakini nimeibiwa mara nyingi. Sasa niambie, nikisikia vol na esansi na giza na bantu banaowasha moto upande wa pili, nichague maana ipi?

Na juma lile lile duka moja pale sokoni lilikuwa limevunjwa na wezi. Hilo we hukulijua, ulikuwa angani.

Ningeweza kugonga mlango wako. Ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye pasi. Nafikiria hilo kila siku. Ningegonga tu niseme, "Batoto, vol gani hiyo?" Badala yake nilivaa kandambili nikaenda kwa Papa Melki, mkubwa wa blok yetu, nikamwambia, "Kuna kijana anaharibu binti yangu. Jumamosi banaenda kuiba. Mkamateni yeye, mtoto mniachie." Mi nilidhani nimekuokoa. Nilirudi nyumbani nikakupikia dagaa, nikakuangalia unavyokula, nikajisifu.

Jumamosi Papa Melki akaja na balinzi wake na fimbo. Walisukuma mlango wako. Na mi nilikuwa nyuma yao, usifikiri nilijificha. Tukakukuta umekaa kwenye kiti cha minibasi, umeshika usukani wa kabaza kwa mikono yote miwili, kofia ya sufu kichwani na joto lile, sababu eti bale ba zamani balikuwa banasikia baridi. Gedeoni amepiga magoti chini na ramani ya karatasi na rula. Kwenye ekra maji tu, bluu, bluu, bluu.

"Iko wapi mali?" Papa Melki akauliza.

"Mali gani?"

"Ya vol!"

Gedeoni akaangalia fimbo, akaangalia ekra, akanyoosha kidole. "Papa, njo hii vol."

Balinzi bakaanza kucheka, mmoja akakaa chini kabisa. Papa Melki mwenyewe akafuta machozi, akaomba ajaribu usukani, akaangusha ndege mara moja. Nikacheka na mi, kwa aibu na kwa furaha, mtoto wangu si mwizi! Nikakutafuta kwa macho ili tucheke pamoja. We hukucheka. Ulikuwa unaangalia ile ekra, ndege iko ndani ya maji, na ulisema polepole, "Mama, we njo uliwaita?"

Nikasema naenda kuangalia sufuria.

Lakini yaliyobaki hayakuwa ya kucheka. Papa Melki alikuwa ameshapeleka jina kwa wakubwa wa kambi kabla ya kuja, na jina alilopeleka si la Gedeoni peke yake. Ukaenda kuchukua ruhusa ya kutoka kambini ili ukapande ndege ya Nairobi na wanafunzi wenzako, wakakuambia subiri, kuna neno juu yako. Nikaenda na we kulifuta. Unakumbuka yule afisa, Mmalawi mpole, "zikomo, amayi, kaeni", aksanti mama kwa Kichewa, na yule kijana Mrundi aliyekuwa anatafsiri. Nikaeleza vol, vol ya ndege na vol ya mwizi, mpaka jasho likanitoka. Afisa akauliza, "Sasa huyu binti ni mwizi au ni rubani?"

Nikasema, "Si mwizi, si rubani. Anadanganya kuruka."

Nilitaka kusema unaigiza! Kwetu mtoto akicheza upishi kwa udongo tunasema anadanganya kupika. Yule Mrundi akatafsiri kama alivyosikia, afisa akaandika, na we ukafunga macho. Ilichukua juma na juma kumwelewesha kama mama hakusema binti yake ni mwongo. Wenzako wakaruka. Chuo kikakuambia ungoje kundi linalofuata, kama nafasi itakuwepo.

We hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Ulianza kuniambia "ndiyo, mama" kwa kila kitu, ukaosha vyombo kabla sijaomba. Nikajua nimekupoteza kidogo. Mi najua mtu akianza kuwa na adabu ya mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, maana yake ameshaanza kuondoka.

Halafu siku moja, nilikuwa natafuta uzi, ukatoa kitenge dirishani ukasema, "Mama, njoo ukae."

Ukanikalisha pembeni yako kwenye kigoda. Uliniambia wakati wa vita ile ya kwanza ya Bazungu, ndege za mbao na kitambaa zililetwa mpaka ziwa letu, Tanganyika, zikiwa vipande ndani ya masanduku, zikaunganishwa upande wa Kalemi, zikaruka kutoka juu ya maji. Za kwanza kabisa kuonekana kule kwetu. Nikauliza, "Na masanduku, nani alibeba?" Ukasema kitabu hakisemi. Nikasema, "Mm." Ukanitazama, na mara ya kwanza tangu lile jambo, ukatabasamu.

Tukaruka. Nilishika meza, nakuambia kweli. Maji yakawa chini yetu, na milima, na uso wako sijawahi kuuona hivyo, uso wa mtu mzima kazini. Njia ya bale bapilote ilikuwa ya kuvuka kwenda Kigoma. Katikati ukageuza usukani.

"Umeacha njia," nikasema. Mi nilijua sheria yenu.

"Nimeacha, mama."

Ukaenda kaskazini. Nikaona Ubwari imeingia ndani ya maji kama ninavyoijua, nikaona Baraka ilipo, milima ya Fizi, na we unashuka, unashuka, mpaka Uvira. Barabara iko. Mto Kalimabenge uko. Nikakuonyesha kwa kidole mahali nyumba yetu ilikuwa, na pale palikuwa na miti. Miti tu, imepangwa vizuri. Na hakuna mtu. Barabarani hakuna mtu, ufukoni hakuna mtu, sokoni hakuna hata mbuzi.

"Bantu bako wapi?"

"Programu haiweki bantu, mama. Inakisia."

Na mi nikasema nini? Mtoto wangu ameacha sheria yake anayoiheshimu kuliko chakula, amenirudisha kwetu, na mi nikasema, "Nani aliwapa hiyo picha ya kwetu? Banaitafutia nini?" Nikaanza kukuhoji, nani anaona, nani anasikiliza, hii mashine inapeleka wapi. Ukazima. Ukasema, "Ndiyo, mama."

Ngoja nikuambie nilichoona, sababu siku ile sikusema. Uvira bila mtu nilishaiona mara moja, kwa macho haya. Asubuhi moja nilienda kuchota maji na hakukuwa na foleni. We unajua foleni za maji, hata mu vita bamama banapigana na ndoo. Siku hiyo hakuna. Nikarudi nikakufunga mgongoni nikamwambia dada yangu Feza, tuondoke. Akasema, "We na mashaka yako! Nina maharage motoni." Bajirani bakanicheka barabarani, naenda wapi na mtoto na sufuria moja. Mpaka leo sijui maharage ya Feza yaliiva au hayakuiva. Nimemuulizia kwa kila mtu anayefika hapa kutoka kwetu.

Kwa hiyo usiniambie niache kushuku. Watu wengi wameniambia, na mchungaji amehubiri akiniangalia mimi. Mashaka njo yalikutoa Uvira ungali unanyonya. Kosa langu ni kwamba sikujua mahali pa kuyatua. Niliyabeba mpaka ndani ya nyumba, mpaka mlangoni kwako, nikakushuku we, mtu ambaye niliyabeba kwa ajili yake. Kule unakoenda utakutana na bantu ba kuchekelea haraka, washuku, nakuruhusu, washuku sana. Lakini ukisikia neno linakuuma kutoka kwa mtu unayempenda, gonga mlango. Uliza neno lile lina maana ngapi. Mi sikuuliza, na we ulilipa miezi.

Na kuna kitu kimoja nimekielewa leo tu, pale kwenye cherehani. Ulinihadithia siku moja juu ya mwanamke mmoja wa zamani, rubani, aliyetaka kuvuka peke yake mahali wanaume balikuwa bamekufa. Ulisema hakumwambia mtu wa nyumbani siku ya kuondoka. Alimwambia fundi wake tu, sababu wa nyumbani bangemzuia. Nikasema huyo hana adabu. Ukaniangalia ukasema, "Aliwapenda, mama. Aliogopa tu." Nilidhani tunazungumza juu ya mzungu.

Basi fundi wako ni Gedeoni, na wa nyumbani ni mimi.

Sina hasira. Hapana, nadanganya, nilikuwa na hasira kutoka bombani mpaka mlangoni. Sasa nina woga tu. Nashuku hutarudi kukaa hapa, na nashuku hiyo njo sawa, na sitaki mtu yeyote aniambie nimekosea kwa lile la pili. Nakupenda, Riziki. Nakupenda hata kama sijui kukaa kimya. Na aksanti kwa Uvira. Ningesema siku ile ile.

Mama Alini ameketi chini sasa, ameweka kikapu kichwani kama kofia ili nimwonee huruma. Namalizia.

Kesho sitakuja uwanja wa ndege. Ningeweza, kutoka hapa si mbali, na mguu wangu unajua njia ya barabara kubwa. Lakini umechagua siku yako na hukunipa, na mi sitaiiba. Ila nitaamka mapema nioge. Nitavaa ile gauni ya bluu niliyojishonea Pasaka, na viatu vya kufunga, na nitakaa kitini karibu na mlango, simu mkononi, imejaa chaji. Ukiita, nitapanda kabaza, minibasi, lori la mahindi, chochote, nitafika ungali kwenye foleni.

Usipoita, nitasikia ndege ikipita, nitavua viatu, nitashona. Na siku utakapopiga simu kutoka Nairobi, sitakuuliza juu ya nini hukuniita. Mimi, mama yako, sitauliza.

Mama yako